Ndege Wanaovimba kwa Baridi

Kama umeambiwa wiki hii, na bado umeshika ile karatasi ya hospitali hujui uiweke wapi, sikuandikii ili nikwambie ujipe moyo. Mimi waliniambia hivyo, na nilitamani kuwarushia viatu. Nakuandikia kwa sababu nilifanya kosa ambalo sisi watu wa Lubumbashi tunalifanya kwa urahisi sana, na lilimuumiza mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Mengine utayaweza. Utatapika, utanyonyoka nywele, utawachukia watu wenye afya, na siku zitapita hata usipozitaka.

Naitwa Odile. Ilikuwa miaka ya tisini, nchi yetu bado inaitwa Zaïre, nami nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Tulikuwa tunakaa Auderghem, mtaa wa Brussels huko Ubelgiji, mimi, mume wangu na binti yetu Clarisse wa miaka kumi na saba, katika fleti ya chini yenye bustani ndogo kwa nyuma. Mume wangu kila mtu anamwita Papa Clarisse, hata mimi. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo miili ya watu nilikuwa naijua vizuri. Wangu ndio nilikuwa siutazami.

Septemba walinikata titi la kushoto. Siku ya kutoka hospitali, nikiwa bado na mpira wa kutolea maji ubavuni, nilimpa mume wangu amri.

“Kule paroisse ubaambie nilienda Lubumbashi, kuangalia famille. Bon. Ni yote.”

“Mpaka wakati gani, Maman Clarisse?”

“Mpaka nywele zirudie.”

“Ni uongo mukubwa.”

“Ni yangu. Weye ubebe tu.”

Usidhani nilikuwa na wazimu. Mwaka uliotangulia, mama mmoja wa parokia yetu aliugua ugonjwa huu huu, nasi tukaenda kumwona kama desturi yetu ilivyo. Tulijaa sebuleni kwake watu kumi na wawili, tukala chakula chake, tukaimba, tukauliza ni baba mdogo gani alikuwa na kisa naye huko kwao, hata akamroga. Mimi mwenyewe nilimpima mikono kwa macho. Nilipofika nyumbani nilishika simu, nikamwambia rafiki yangu Georgine, “Ule alishaisha.” Mwenzangu alikuwa bado anapumua, anaosha vyombo tulivyolia chakula, na mimi nilikwisha kumzika kwa simu. Kwa hiyo nilijua watasema nini juu yangu, maana nilikuwa nimeyasema mimi.

Kujificha mji kama Brussels ni kazi ya kutwa. Dirisha la sebuleni lilitazama kituo cha basi, na watu wetu walipita pale kila siku. Pazia likafungwa. Simu aliipokea Clarisse peke yake. Siku za hospitali niliingia garini ndani ya gereji, nikalala kiti cha nyuma na blanketi juu yangu, mwanamke mzima, mpaka tuwe mbali na mtaa. Hospitali yenyewe nilichagua ya upande mwingine kabisa wa mji ili nisikutane na Mkongo. Mara ya kwanza tu, nimekaa kwenye vile viti vya kungojea vilivyofungwa pamoja kwa chuma, nikasikia Lingala nyuma yangu. Niliinua gazeti mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mfagiaji anaongea na mwenzake, wala hakunitazama. Nilikaa na lile gazeti usoni saa nzima, nikisoma jinsi ya kupika sungura kwa bia.

Dawa ilikuwa ya kupitia mshipani, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Wao wanaiita chimio. Ya kwanza ilikuwa Oktoba, wakati mtofaa wa bustanini unaangusha majani. Sitakueleza inavyofanya kazi, kwani siijui, na daktari aliponieleza sikuwa nasikiliza. Ninachojua ni kwamba siku ya tatu mdomo unakuwa na ladha ya msumari, harufu ya vitunguu inakuwa adui, na siku ya kumi na saba nywele zinabaki kwenye mto. Zangu nilizikusanya katika mfuko wa duka nikazitupa mwenyewe asubuhi, ili Clarisse asizione. Akaziona.

Basi kwa kuwa mbele ya nyumba palikuwa pamefungwa, nilibaki na nyuma. Jikoni kulikuwa na mlango wa kioo, kipasha joto, kiti kimoja, na huko nje bustani ya hatua kumi na mbili mpaka kwenye ukuta wa matofali. Hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ndege. Sikuwapenda. Nataka ujue hilo mapema, maana wapo watu wanaosimulia kwamba waliugua na ndege wakawaponya. Mimi niliwatazama kama mfungwa anavyomtazama askari wa zamu, kwa kuwa hakuna mwingine anayepita.

Wa kwanza alikuwa yule mdogo mwenye kidari cha rangi ya machungwa, ambaye Wabelgiji wanamwita rouge-gorge, yaani koo jekundu. Hajazi hata kiganja, miguu njiti tupu, lakini kiburi chake! Alisimama juu ya mpini wa jembe tulilolisahau nje, akatazama kulia na kushoto, akaimba. Akitokea mwingine wa aina yake, alimrukia bila kuuliza. Siku ya pili baada ya chimio ya pili, Novemba, walipigana mbele yangu. Walibiringishana kwenye majani yaliyooza, mmoja akaanguka chali, mwenzake juu yake akimdonoa uso. Niligonga kioo, hawakusikia. Aliyeshinda alirudi kwenye mpini akaimba, na mimi sikuweza kujua kama ni wangu au ni mgeni aliyemfukuza wangu. Nikamwita Shefu wa Kartie, yaani mkuu wa mtaa, yeyote awaye.

Wengine nao niliwapa majina, kwa kuwa siku ni ndefu. Kulikuwa na vijidege vya tumbo la njano vyenye mstari mweusi katikati uliokaa sawasawa na tai ya shingoni. Hao ni Makarani. Kulikuwa na mweusi mmoja mwenye mdomo wa njano, Padri, aliyegeuzageuza majani tangu asubuhi hadi jioni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Shomoro walikuja kwa makundi, wakagombana, wakaondoka. Hao niliwaelewa haraka, ni parokia yetu kabisa.

Kuwalisha nilianza kwa sababu ya aibu. Clarisse alikuwa amejitwika jiko, na kila alipotoka shule alinipikia bukari, ugali wetu, kwa kuwa alisikia kwamba mgonjwa asiyekula bukari hapati nguvu. Tonge halikupita kooni. Sikutaka kumwambia, basi alipotoka nilifungua mlango nikalitupa bustanini. Ndege walilitazama, wakalipita. Usiku baridi ililigandisha, na asubuhi majani yalijaa mawe meupe.

Hapo ndipo kichwa kilipotokeza juu ya ukuta. Alikuwa Madame Paula, jirani wa nyuma, mjane mzee aliyesimama juu ya ngazi yake na kofia ya sufu. Tangu tuhamie pale hatukuwahi kusalimiana.

“Madame! Unataka kutuletea panya?” alisema kwa Kifaransa chao cha Brussels kinachotoka puani na kooni kwa pamoja.

Nilikuwa na hasira ya wiki nne. Nikavua kitambaa kichwani, aone upara, aone haya, ashuke ngazi yake. Alinitazama kidogo.

“Hiyo si sababu ya kutupa chakula chini,” akasema.

Kesho yake nikaona donge la mafuta na mbegu limening’inizwa kwa kamba kwenye tawi la mtofaa wangu. Hakuomba ruhusa, alitumia fimbo yenye ndoano kutoka upande wake. Makarani walilivamia mara moja. Nilikasirika kwa siku mbili, halafu nikamwomba la pili.

Huyo ndiye mtu pekee wa nje aliyeniona majira yote yale, na tulichukiana vizuri sana. Hakuniuliza hata siku moja naumwa nini. Tuliongea habari za ndege tu, yeye juu ya ngazi, mimi mlangoni nimejifunika blanketi. Siku moja nilimwambia afadhali Shefu, angalau yeye ana furaha, anaimba.

“Furaha gani? Anasema tokeni. Wakati wa baridi hawana mume wala mke hawa. Kila mmoja na bustani yake, na jike naye anaimba hivyo hivyo. Anayeingia anapigwa.”

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilirudi jikoni nikamtazama kwa heshima.

Sasa nikwambie habari za Georgine. Tulikua naye barabara moja kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, tukasoma benchi moja kwa masista, na Ubelgiji tulitanguliana kwa mwaka mmoja. Yeye alikaa Evere, upande mwingine wa Brussels, alifanya kazi katika kantini ya ofisi. Nilimficha yeye pia. Nilimficha yeye kuliko wote, kwa sababu ndiye niliyemwambia “alishaisha” kwenye simu, na sikutaka aanze kunisikia mwenyewe kwa sauti ile. Mama yake mzazi, Mama Adèle, alikuwa bado yuko Katuba, mzee, na barua zilichukua miezi. Kaka zake waliandika kila mara kwamba hakuna shida.

Jumapili moja ya Desemba, baada ya chimio ya nne, Papa Clarisse alirudi kutoka misani, akaketi bila kuvua koti.

“Georgine alinikamata ku mulango ya kanisa. Anasema, ju uko kule, upite kwa mama yake. Anataka umuangalie na macho yako, ju bakaka yake banamuficha.”

“Ukamujibu nini?”

“Donc, nilisema ukipiga simu nitakuambia.”

Jumapili iliyofuata alimshika tena. Georgine alikuwa na likizo ya Noeli, na mwajiri wake alishamruhusu. Kama mama ni mgonjwa kweli, angepanda ndege. Alikuwa anangoja neno langu tu.

Nilimkasirikia Georgine, sitaki kukuficha. Nilikuwa nimetapika tangu asubuhi, mishipa ya mkono imekuwa migumu na myeusi, na yeye ananituma Katuba! Sikumwona kama rafiki mwenye hofu. Nilimwona kama mtu anayekuja kugonga mlango wangu wa mbele.

“Umuambie nilimuona,” nilisema.

“Odile.”

“Umuambie nilimuona! Alinona.”

Nje theluji ilikuwa imeanguka. Shefu alikuwa juu ya mpini wake, amekuwa duara kamili, kidari kimejaa, shingo haionekani. Miezi mitatu sikuwa nimeona kitu kingine duniani ila bustani ile, kwa hiyo uongo wangu wote niliuchukua humo humo.

“Alinona, mashavu imejaa,” nikaendelea. “Anaamuka mapema. Anakaa inje ku jua, anachagua maharage, anageuzageuza na kidole. Anakula kidogo kidogo, lakini kila saa. Na alicheka. Umuambie alicheka.”

“Na kama haiko vile?”

“Mama Adèle iko na nguvu kutupita shiye bote. Wende.”

Alikwenda kupiga simu. Georgine alilia kwa furaha, akasema maharage ni kweli, mama yake anapenda kuchagua maharage juani, akasema Mungu ambariki Odile. Hakusafiri. Wiki hiyo hiyo alimpa Papa Clarisse keki, amlishe mtoto, kwa kuwa nyumba haina mama. Tuliiweka mezani. Clarisse alikataa kuigusa. Mimi nilikula kipande, ndicho kitu cha kwanza kilichokaa tumboni baada ya siku tano, na sijui nikwambie nini juu ya hilo.

Siku tatu nne baadaye baridi ilikaza zaidi. Madame Paula alikuwa ngazini ananing’iniza donge jipya, nikamwambia kwa kejeli kwamba anawapa kupita kiasi, tazama walivyonenepa.

“Wamenenepa?” Alicheka vibaya. “Wamevimba, Madame. Wanasimamisha manyoya yote ili washike joto kidogo. Chini ya manyoya ni mifupa. Ukimwona ndege amekuwa mpira mchana kweupe, ujue hali yake ni mbaya.”

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Karani mmoja chini ya mtofaa, bado ameviringana vile vile. Nilimwokota. Nilitegemea uzito na mkono wangu ukapanda juu, maana hapakuwa na uzito wowote. Nilisimama pale kwenye theluji na ndara za jikoni, na nilimwaza Mama Adèle. Noeli ilikuwa bado. Kulikuwa na muda wa kumwambia mume wangu apige simu, aseme nilikosea, aseme Georgine aende. Lakini kukosea huko kungeleta swali, na swali lingeleta watu kumi na wawili sebuleni. Nikamfukia ndege pembeni ya ukuta, nikanawa mikono, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa. Ule uongo wa kwanza niliusema nikiwa nimeshikwa. Huu wa kunyamaza niliuchagua.

Januari ilikuwa ya miguu. Nyayo zilikufa ganzi kwa dawa, nikawa natembea kama mtu anayekanyaga mito ya kulalia. Vidonge walivyonipa vilinivimbisha uso, macho yakazama, nyusi zikaisha. Chimio ya tano ilicheleweshwa kwa sababu damu yangu ilikuwa imepungua nguvu. Mara mbili tulikwenda hadi kule, nikakaa kwenye viti vile, wakanichoma kidole, wakaniambia rudi. Papa Clarisse alianza kunyamaza njia nzima. Nyumbani aligombana na Clarisse kwa ajili ya sahani, kwa ajili ya taa, kwa ajili ya kila kitu kisichokuwa mimi.

Februari, siku chache baada ya ile ya tano, simu ililia kutoka Evere. Mama Adèle alikuwa amefariki.

Clarisse na baba yake walikwenda msibani, mimi nikabaki “Lubumbashi”. Waliporudi, binti yangu hakuvua viatu. Alisimama mbele yangu jikoni. Alisema kwamba kaka wa Georgine aliongea kwa simu, na kwamba tangu Novemba mama yao alikuwa hainuki kitandani, walikuwa wanambeba ndani ya shuka, amekonda mpaka mtoto angeweza kumbeba.

“Na tantine Georgine hasikie,” alisema. “Anasema bakaka banachanganya. Anasema Odile alimuona na macho, alinona. Anaambia bantu bote, mungoje Odile arudie, yeye njo wa mwisho kumuona.”

“Clarisse, kaa chini,” baba yake alisema.

“Non, papa. Mi nimechoka kuwa na mama kule Lubumbashi. Iko hapa! Iko ku kiti! Mi sitasema tena.”

Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa nguvu hata sahani zikatikisika. Papa Clarisse aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Alisema nivumilie hadi Aprili. Nywele zitakuwa zimeanza, nitavaa wigi, “nitarudi”. Nitakaa na Georgine nimwambie maneno mazuri juu ya mama yake. Itampa nguvu. Kwa nini kumvunja mara mbili?

Na ilikuwa inaingia akilini, ndiyo shida yake. Upande mmoja, nikisema kweli, nampoteza mtu niliyekuwa naye tangu tukiwa na meno ya utoto, na ninamnyang’anya mama mnene aliyekuwa anacheka juani. Upande mwingine, nitakaa mbele yake maisha yangu yote nikimsimulia mama yake, na kila mwaka ataniuliza tena, nami nitaongeza. Nilimfikiria akiniuliza mama alivaa kitambaa gani. Ningempa rangi gani, ya ndege yupi? Usinidhanie wema. Nilikuwa na hasira tu, na safari hii ilikuwa na mahali pa kwenda.

Asubuhi nilifungua mlango wa mbele wa nyumba yangu kwa mara ya kwanza tangu Septemba, nikapita mbele ya kituo cha basi kwa miguu yangu, nikakaa kiti cha mbele cha gari, nikamwambia Papa Clarisse twende Evere.

Georgine alikaa ghorofa ya tatu. Walikuwa wametoa viti, wametandika magodoro chini, wanawake wamekaa ukutani wamefunga vitenge. Nilisimama mlangoni na koti langu, kitambaa kimeshuka hadi kwenye paji la uso. Zikaja kelele.

“Odile! Alirudia!”

“Muangalie vile alinona! Lubumbashi ilimufaa!”

Georgine aliinuka. Alikuwa hajalala siku kadhaa. Alinishika mikono yote miwili, kwa nguvu, juu ya ile mishipa.

“Weye njo wa mwisho,” alisema. “Niambie. Ile siku alikuwa anakaa ku mulango ya mbele, ao kwa nyuma?”

“Georgine, sikumuona. Sikuendaka Lubumbashi.”

Hakuelewa. Ilinibidi nitoe mikono yangu kwenye mikono yake ili nivue kitambaa.

“Nilikuwa Auderghem. Iko cancer. Nilikuwa najificha.”

Mtu mmoja alimtaja Yesu. Mwingine alianza kulia kwa sauti, na nilimchukia kwa sababu alikuwa ananililia mimi. Georgine hakutazama kichwa changu hata kidogo. Alinitazama mdomo.

“Maharage?”

“Hapana.”

“Hakukuwa anakaa ku jua.”

“Sijui. Nilitunga.”

“Alicheka.”

“Georgine...”

“Minakuuliza. Alicheka ao hakucheka?”

“Sijui, ndugu yangu. Sikuwa kule.”

“Na kunona?”

Ningemwambiaje? Kwamba nilitazama dirishani nikaona ndege? Alisubiri, na nilipozidi kunyamaza aliachia pumzi ndefu, na nikaona mama yake akimfia hapo hapo, mbele yangu, kwa mara ya kwanza.

“Toka,” alisema.

Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kuinuka kuja kunikumbatia. Wakasimama.

“Si ju ya ugonjwa. Ugonjwa ningekubebea mu mugongo. Toka, Odile.”

Nilishuka ghorofa tatu nimeshika ukuta, kwa sababu sikuwa nasikia miguu yangu. Papa Clarisse alinifungulia mlango wa gari. Wiki ile ile watu walianza kuja Auderghem. Sikuwafungia. Wengine walikuwa wema kuliko nilivyowaza, wengine wabaya kuliko nilivyowaza, na mmoja alinipima mikono kwa macho nikamwambia achukue futi kabisa. Hakuna aliyenizika. Huenda walikwenda kunizika kwa simu, lakini hilo halikuniongezea maumivu hata moja. Miezi mitano nilikuwa nimeogopa kitu ambacho kilimalizika kwa chai na mikate.

Chimio ya sita ilikuwa Machi. Shefu aliacha kupigana. Kuna mwingine alianza kuingia bustanini, akakaa upande wake wa ukuta, na Shefu akamtazama tu bila kumrukia. Madame Paula alisema ni jike, na huenda ndiye yule yule aliyempiga Novemba. Nilimwambia sitaki kusikia.

Baada ya chimio walinipeleka kwenye tiba ya miale, kila siku ya kazi, wiki sita. Nilikwenda kwa tramu, mchana, na kitambaa changu cha kitenge. Kila siku viti vile vile vya chuma, kila siku ngozi ya kifua inazidi kuwa nyeusi na kuwasha. Georgine sikumpigia. Nilimwandikia barua mbili. Ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Hakujibu, na sikuwa na haki ya jibu.

Wiki ya tatu, siku ya vendredi, yaani Ijumaa, mlango wa chumba cha kungojea ulifunguliwa akaingia amevaa nguo nyeusi ya msiba. Aliangalia viti vyote. Akaja kwenye safu yangu, akaacha viti viwili vitupu katikati yetu, akaketi na mkoba wake magotini. Hakunisalimu.

“Clarisse aliniambia ni huku,” alisema, akiutazama ukuta.

“Georgine, unisamehe.”

“Sikukuya ju ya samahani.”

Nesi akafungua mlango akaita jina langu. Nilisimama, na Georgine naye akasimama. Hapo ndipo alipogeuka akanitazama, polepole, kila mahali: vinyweleo vilivyoanza kuota, kifua kilicholala upande mmoja, mikono, miguu, tena uso. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, wala daktari. Nilimwacha atazame.

“Wende,” alisema. “Banakuita.”

“Na weye?”

“Nitakaa hapa. Nitakuya kila vendredi, nikuangalie na macho yangu mwenyewe.” Akaketi tena kwenye kiti chake. “Sitaki tena muntu aniambie kama mugonjwa anaendelea muzuri.”